Kikohozi cha Mzee wa Kaseti

Jina lake sikuwahi kulitamka. Niliishi naye uwanja mmoja kwa miaka saba kule Ipyana, na sasa tumeshamzika, lakini ulimi bado unagoma. Alikuwa baba mkwe wangu, Mnyakyusa wa mtindo wa zamani, na kwa watu wa mtindo huo mkamwana hamtaji baba mkwe wake kwa jina, hamtazami, hasemi naye, wala hapiti njia anayopita yeye. Mjini Kyela walimwita Mzee wa Kaseti kwa sababu ya mashine zake za gemu za zamani. Hilo naweza kulisema bila moyo kunienda mbio.

Mimi ni mtu wa Korogwe. Kilichonileta Kyela ni barua ya ajira: afisa ugani, kata ya Makwale, kazi ya kuwafundisha wakulima namna ya kuchachusha na kukausha kakao. Nikaolewa hukohuko. Siku niliyoingia uwanjani kama bibi harusi, mama mkwe alinikalisha jikoni, akanipa uji, akasubiri niumalize, ndipo akafungua mdomo.

"Mwanangu, huku kwetu baba mkwe anaogopwa. Sisemi kuheshimiwa, nasema kuogopwa. Akikohoa, jifiche. Ukisikia hatua zake na huna pa kujificha, geukia ukutani."

Nilicheka kidogo, kama mtu anayedhani anataniwa. "Na tukikutana, mama?"

"Mkikutana ana kwa ana hutaumia wewe, wala hataumia yeye." Akanigusa tumbo kwa ncha ya kidole. "Ataumia huyo atakayekuja."

Nina stashahada ya kilimo. Nimesoma habari za ukungu na vimelea, na najua mtoto anavyokua tumboni. Nasema hivi ili ieleweke kwamba sikuwa mjinga, na niliogopa hivyohivyo. Wapo majirani wengi ambao mambo haya wameyalegeza. Mkwe na mkamwana wanapanda bajaji moja kwenda sokoni na hakuna anayeshangaa. Kwetu hayakulegezwa. Niliolewa katika nyumba ambayo watu wote, kuanzia mama mkwe hadi watoto wa jirani, walinisaidia kuogopa.

Kikohozi chake kilikuwa viwili vifupi na kimoja kirefu. Hakuwa na ugonjwa wa kifua. Alikohoa getini, akakohoa kwenye kona ya migomba, akakohoa tena karibu na bomba, ili nijue yuko wapi na nipate muda wa kupotea. Mwaka wa kwanza nilitumbukia kwenye mfereji mara mbili nikikimbilia migombani. Siku moja nilijibanza katika banda la kuku na ungo wa mchele kichwani, naye akasimama palepale nje kuzungumza na mwenzake wa kanisani juu ya mabati ya paa la nyumba ya mchungaji. Walizungumza bati baada ya bati. Nilipotoka, mgongo ulikuwa umepinda na kuku walikuwa wamekula nusu ya mchele.

Kusema nami hakuruhusiwa, ila hakuna aliyemkataza kusema na jogoo. Alikuwa na jogoo mwekundu aliyezunguka uwanjani, na kupitia huyo tuliendesha maisha yetu. "Wewe jogoo," angesema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kwangu, "mtu aliyeanika kakao yake upande wa mto aje aitoe, mvua inakuja." Nami ningemwambia mama mkwe, kwa sauti hiyohiyo, kwamba namshukuru sana jogoo. "Ndaga fijo, jogoo," mama mkwe angemalizia, kwa Kinyakyusa cha shukrani, huku akizuia kicheko. Jogoo yule alipozeeka akaliwa, akaletwa mwingine, na mazungumzo yakaendelea kutoka pale yalipokuwa yameishia.

Gemu nilizikuta. Chumba chake cha gemu kilipakana na jiko langu, ukuta mmoja wa matofali, na kila alasiri muziki wake ulipita ukutani wakati nachambua mboga. Zamani alikuwa na kibanda mjini ambako watoto walilipia kucheza. Simu zilipoingia watoto wakahama, akafunga kibanda, akazileta mashine zote nyumbani. Badala ya kuziuza akaanza kuongeza nyingine. Wafanyabiashara wanaovuka mpaka kwenda Karonga, Malawi, walijua: ukiona mashine ya kaseti ya zamani popote pale, nzima au mbovu, mletee mzee.

Muziki ule ulinikumbusha kaka yangu na mashine yetu ya kijivu Korogwe, ile ambayo mama aliigawa kwa watu tulipofeli mtihani wa majaribio, wote wawili kwa mpigo. Kwa hiyo nilipoenda soko la Lyulilo, kando ya ziwa, na wanawake wenzangu kununua vyungu, na kwenye mkeka wa mama mmoja aliyeshuka na mtumbwi nikaona, katikati ya vyungu, mashine ya kijivu imechomekwa kaseti moja ya njano, sikujiuliza mara mbili. Mama yule alisema imetoka ng'ambo, Malawi, na kwamba anayoijua yeye ni vyungu, hicho kingine nijijue. Niliipakata njia nzima. Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, ya kwanza.

Haikuja na adapta. Nikachukua adapta ya redio yetu, nikaijaribu, ikaingia kwenye tundu bila ubishi. Sikujua kwamba kuingia siyo hoja. Ile mashine ilitaka hasi iwe katikati na chanya nje, na adapta ya redio ilikuwa kinyume chake. Nilipowasha, ulitoka moshi mweupe, halafu mweusi, halafu cheche, na mimi nikapiga yowe ambalo nadhani walilisikia hadi barabarani.

Mzee alikuwa anageuza kakao kwenye mikeka. Alikuja mbio. Hakukohoa. Niliona mkono ukipita mbele yangu ukachomoa waya ukutani, na katika kugeuka nikaona shavu lake moja, lenye ndevu nyeupe fupi, karibu nami kama ukuta huu. Kisha akatambua yuko wapi. Alijifunika uso kwa viganja vyote viwili na kutoka kinyumenyume, akajigonga kwenye mlango, akaanguka, akainuka, akaenda.

Baada ya wiki tatu mimba ile ilitoka. Daktari alinieleza kwa upole kwamba mimba changa nyingi hutoka, na kwamba hakuna aliyekosea. Shangazi wa mume wangu alikaa pembeni ya kitanda changu na hakunieleza kitu, alitikisa kichwa tu, akisema, "Ee Kyala, ee Kyala," yaani Mungu wangu. Nilimwamini daktari. Lakini nilipofumba macho nililiona lile shavu.

Hapo ndipo alipoanza kunifundisha. Nilidhani ataniamuru, kupitia jogoo, nitupe ile mashine iliyoungua. Badala yake nilikuta kizingitini kwangu kopo la siagi, ndani yake adapta iliyozungushiwa utepe mwekundu na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Haikuandikwa kwa mtu yeyote. "Anayeanza," ilisema, "asichomeke kitu kabla ya kusoma mchoro mdogo ulio chini ya mashine na ule ulio kwenye adapta. Ikiwa michoro haifanani, akae nayo mikononi mpaka apate inayofanana. Hii yenye utepe inafanana na mashine za kijivu." Chini kabisa, kwa mkono uliobonyeza hadi karatasi ikatoboka: "Nisikimbie tena."

Basi nilielewa. Alijua nitaendelea kucheza, sijui alijuaje, na kwa hofu yake mwenyewe aliamua kwamba ni lazima nijue kila kitu, ili isitokee siku nyingine ya yeye kuingia kwangu bila kukohoa.

Makaratasi yalikuja kwa miaka. Mengi ninayo. Anayeanza anunue mashine moja, siyo tano. Ya pili ainunue akiijua ya kwanza kwa kugusa. Asinunue kaseti kwa kuvutiwa na picha iliyobandikwa, picha zinadanganya. Kaseti iliyoandikwa ina gemu elfu kumi ina gemu sita, hizo nyingine ni zilezile zimebadilishwa majina. Afungue kaseti aone bodi. Ikiwa ndani kuna tone jeusi tu la gundi, aipende lakini asiisifie. TV iwe ya chogo, kwa sababu hizi nyembamba zinachelewa: unabonyeza sasa, mtu wako anaruka wakati ameshakufa. Na karibu kila karatasi ilikuwa na neno moja limepigiwa mstari, "Asipulize." Sisi wote tulikua tukipuliza kaseti ikigoma. Yeye alisema mate yana maji, na meno ya shaba ya kaseti yanaliwa na maji polepole; apake spiriti kwa pamba, asubiri ikauke, basi.

Unyevu ndio uliokuwa adui yake mkubwa, na Kyela hakuna uhaba wa unyevu. Kaseti alizihifadhi kwenye madebe ya bati pamoja na mchele uliokaangwa mkavu. Ulikuwa mchele wa hapahapa, na wa kwanza, siyo chenga. Mama mkwe aliumia.

"Watu wanatoka Dar es Salaam kuufuata mchele wa Kyela," alilalamika mbele ya wageni, "na sisi tunawalisha kaseti!"

Hapo nilipata pa kuchangia, maana kukausha ndiyo kazi yangu. Nilimwambia mama mkwe kwa sauti ya juu kwamba mchele ukishanyonya unyevu hauna kazi, ukaangwe upya kila baada ya wiki mbili wakati wa mvua, kama tunavyorudisha kakao juani. Kesho yake nilisikia, "Wewe jogoo, kumbe shule inasaidia." Nilifurahi siku nzima, mtu mzima mimi.

Alikuwa mzee wa kanisa, na mkali. Vijana waliokaa vijiweni na simu zao aliwasema kwa majina, kwamba wanapoteza nguvu zao kwa michezo. Kisha alirudi nyumbani, akafunga mlango, na kupitia ukuta nikamsikia akimhimiza kijitu cha kwenye TV: "Ruka! Ruka, gwe! Aa, umezaliwa mzito." Nyoka alimuua kwa fyekeo huku akiendelea na pambio lake. Simba wangekuwepo nadhani angewasema kwa majina pia. Lakini radi ilimtoa roho. Ngurumo ya kwanza ikisikika huko milima ya Livingstone, hata kama anga la kwetu lilikuwa jeupe, muziki ulikatika palepale. Alichomoa TV, akachomoa mashine, akatoa mpaka betri za redio, akafunika kioo cha TV kwa kitambaa cheupe alichofuma mama mkwe, kwa sababu radi, alisema, hupenda vioo. Mume wangu alimcheka. Mimi sikumcheka, sisi waoga tunajuana.

Siku za ibada ndefu, akiwa kanisani, mama mkwe alinifungulia chumba chake nikacheze. Kwa hiyo nilikijua kiti chake kilivyobonyea, miwani yake, penseli yake iliyotafunwa, harufu ya spiriti na mchele. Nilimjua mtu mzima mzima, isipokuwa uso. Tulicheza gemu moja kuliko zote, ile ya vifaru vinavyolinda ngome ndogo ya matofali isivunjwe na maadui. Alifika hatua fulani, akaiandika nyuma ya kalenda kuukuu. Nami nikija, nilijaribu kumpita na kuandika yangu chini yake. Hatukuwahi kulizungumzia jambo hilo hata kwa jogoo.

Gemu ile ni ya watu wawili. Ukicheza peke yako kifaru cha pili hakipo, na ngome upande mmoja inabaki wazi. Mashine yake aliyoipenda ilikuwa na pedi moja tu, kile kidude chenye vitufe unachoshika mikononi; ya pili panya walikuwa wamekata waya wake na kutafuna vitufe. Kila aliyevuka mpaka aliagizwa aitafute, iwe ya aina ileile, yenye plagi ileile. Mume wangu aliitafuta Karonga mpaka akachoka.

"Pedi ya pili ya nini," nilimuuliza, "na baba anacheza peke yake?"

"Muulize jogoo," alinijibu.

Mwaka wa sita nikapata mimba tena. Niliibeba kama ndoo iliyojaa hadi ukingoni. Sikuvuka uwanja bila kusimama kwanza kusikiliza. Yeye naye aliongeza vikohozi; alianza kukohoa tangu barabarani, na akifika alikohoa mfululizo mpaka nisikie kiti chake kikilia. Mama mkwe alisema mzee atatoka damu kooni.

Mimba ilikuwa na miezi saba. Mume wangu alikuwa Karonga, mama mkwe alikuwa amekwenda msibani Makwale. Alasiri, nikiwa nachambua mboga, muziki wa vifaru ukaanza ukutani kama kawaida. Kisha milima ya Livingstone ikanguruma.

Muziki haukukatika.

Nilisimama na kisu mkononi. Ikanguruma tena, karibu zaidi, mvua ikaanza kupiga migomba, na muziki ukaendelea. Nikasikia ngome ikivunjwa, ule mlio wa kushindwa, halafu kimya kifupi, halafu wimbo wa mwanzo ukajirudia wenyewe, ukajirudia tena, bila mtu kubonyeza. Nikajua. Nilitoka nje nikaita majirani, na mvua ikala sauti yangu. Nikaenda mpaka mlangoni kwake na pale nikasimama. Mtoto alikuwa anacheza tumboni. Niliweka mkono juu yake na nikafikiria lile shavu, na zile wiki tatu, na nikataka kurudi jikoni nijifanye sikusikia. Nalisema kama lilivyokuwa: nilitaka kurudi.

Kisha nikakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu, kama yeye. Hakuna aliyejibu. Nikasukuma mlango.

Alikuwa sakafuni, ubavu mmoja umemwishia nguvu, mguu mmoja unasukuma sukuma saruji. Nadhani aliona miguu yangu. Kabla sijaona kitu, mkono wake wa kushoto ulipanda, ukakivuta kile kitambaa cheupe kilichokuwa juu ya TV, ukakileta usoni. Ilimchukua muda mrefu. Mimi nilisimama nikimsubiri ajifunike, naapa, na radi inapiga nje.

"Jogoo," alisema chini ya kitambaa, kwa ulimi mzito. "Mwambie atoke. Mtoto."

Jogoo hakuwepo. Nikachomoa TV, nikachomoa mashine, kwa mpangilio alioutaka yeye. Nikampitishia khanga chini ya kwapa, nikamvuta hadi mlangoni, na nguvu zile sijui zilitoka wapi. Mvua ilipopungua jirani akanisikia, bajaji ikapatikana, akapelekwa hospitali. Njia nzima nilimshikilia kichwa ili kisigongwe, na mkono wake wa kushoto ukashikilia kitambaa kisitoke.

Shangazi alikuja kesho yake. Hakukaa. "Ulimwona?" aliuliza.

"Nilikiona kitambaa," nilimwambia.

Miezi miwili iliyofuata sina la kuisimulia zaidi ya kuhesabu. Nilihesabu mateke ya mtoto asubuhi, mchana, nikiwa kikaoni, nikiwa juu ya pikipiki ya kazi. Akitulia kidogo nilikunywa maji baridi ili ashtuke. Mzee alirudishwa nyumbani, mkono wa kulia na mguu wa kulia vikiwa kama vya mtu mwingine, na kikohozi chake kikabaki kimoja, kifupi, chenye maji. Akawa anakaa barazani kwake akimuuliza jogoo swali moja tu kila siku: "Anacheza?" Nami jikoni nilimwambia mama mkwe kwa sauti ya juu, "Anacheza, mama."

Binti yangu alizaliwa akachelewa kulia. Mkunga alimpiga piga nyayo, na katika ule ukimya nilimwomba msamaha mtoto, nikamwomba msamaha na mzee, na nilikuwa naanza kumwomba daktari wa ile mimba ya kwanza, ndipo akalia.

Nilidhani hofu itaniisha hapo. Haikuisha, ilihamia tu kwenye homa za mtoto, meno yake, kikohozi chake. Kila alipochemka nilihesabu nyuma mpaka ile siku ya radi. Na ng'ambo ya ukuta mtu mwingine alikuwa anahesabu, maana kila mtoto alipolia kwa muda mrefu, kiti chake kililia pia.

Mtoto akiwa na miezi tisa, mume wangu aliipata ile pedi. Ilikuwa Karonga, kwenye duka la fundi viatu, waya wake umetumika kufungia mlango wa kabati. Alimkabidhi mama yake, na mama mkwe akaenda nayo kwa mzee wakakaa muda mrefu. Kisha nikamwona mama mkwe anapita na khanga mbili, nyundo na misumari.

"Njoo," aliniambia alipomaliza. "Jogoo anakuita ucheze."

Alikuwa ametundika khanga katikati ya chumba, kutoka darini hadi sakafuni, ikikigawa mara mbili mpaka hatua moja mbele ya TV. Upande wa kulia palikuwa na stuli yangu na pedi ya pili. Upande wa kushoto nilisikia mzee anavyopumua. Mama mkwe alimbeba mtoto mgongoni, akatoka naye uwanjani, akaacha mlango wazi nyuma yetu ili tupate mwanga na ili watu waone hakuna baya.

Tulicheza. Mkono wake wa kulia haukuweza kufyatua, kwa hiyo kifaru chake hakikupiga hata risasi moja. Kwa mkono wa kushoto alikiendesha taratibu mpaka mbele ya ngome, akakisimamisha pale kizuie, na mimi nikazunguka nikipiga. Nilimpiga na yeye mara mbili kwa bahati mbaya. Ukimpiga mwenzako anaganda kwa muda. Nilisikia kitu kama kicheko upande ule. Tulipita hatua yake ya kwenye kalenda, tukapita yangu. Nilianza kusahau kuogopa.

Umeme ukakatika.

Mama mkwe alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa kioo. TV ilipozimika, kile kioo kinene kikawa cheusi, mwanga wa mlango ukakipiga, na ndani yake tukatokea wote wawili, mimi huku na yeye kule, khanga katikati yetu kama mstari. Nilimwona. Mdomo wake umekwenda upande, ndevu zake ni zilezile, na macho yake makubwa yaliyojaa hofu yalikuwa yananitazama mimi.

Alikohoa. Kimoja, kifupi, chenye maji. Miaka yote saba kikohozi kile kilikuwa kinaniambia nijifiche, na alinipa muda wa kutosha wa kugeukia ukutani. Sikugeuka. Naye hakuinua mkono wake kujifunika. Tulitazamana ndani ya kile kioo, kila mmoja ameshikilia pedi yake, na hakuna aliyepumua, kwa sababu wote wawili tulikuwa tunasikiliza uwanjani.

Kisha mtoto akalia, kilio cha kawaida cha njaa, na mama mkwe akamwimbia, akanyamaza, akalia tena kwa nguvu zaidi. Upande wa pili wa khanga nilimsikia mzee akishusha pumzi, ndipo na mimi nikashusha yangu.